Kahawa Yetu, Vyombo vya Wenzetu

Mchagga wa kizazi cha babu zetu aliijua kahawa kwa macho, kwa vidole na kwa mzani. Kwa ulimi hakuijua sana. Asubuhi alikunywa chai ya maziwa, jioni mbege, na kahawa aliyoihangaikia mwaka mzima chini ya migomba ya kihamba chake aliipeleka chama cha msingi, akarudi na risiti. Nyumbani ilirudi ikiwa ada ya shule, mabati ya nyumba, pengine mahari ya kijana. Kuinywa lilikuwa jambo la mapadri wa misheni na la Waswahili wa mjini.

Ndiyo maana historia ya kahawa ya Kilimanjaro huandikwa kama historia ya mche, bei na ushirika. Hiyo ni nusu yake. Nusu nyingine imo katika vyombo: dele, karatasi ya kuchujia, mtambo wa mvuke, kopo la unga. Kila chombo kilitaka punje ya namna yake, kikatoa ladha yake na kumwingizia mnywaji vitu vyake mwilini. Na karibu vyote vilibuniwa mbali na mlima huu, na watu wasiojua Kibosho iko wapi.

Kabla ya chombo chochote yalikuwepo meno. Upande wa pili wa nchi, magharibi mwa Ziwa Victoria, Wahaya walikuwa na kahawa yao muda mrefu kabla mmisionari hajatia mche ardhini Kilema, huku Kilimanjaro. Hawakuinywa. Waliichuma robusta ingali mbichi, wakaichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha, wakaitafuna. Mgeni alikaribishwa kwayo, na waliochanjiana udugu wa damu waligawana punje mbili za tunda moja. Hapakuwa na maji ya kupima wala unga wa kuchuja. Na kwa kuwa robusta hubeba kafeini karibu maradufu ya arabika, mzee aliyesafiri na punje chache mfukoni hakusinzia njiani.

Kahawa ya kunywa ilitujia kwa bahari. Arabika kwao ni misitu ya Ethiopia, lakini waliotuachia desturi ya kuichemsha ni masufi wa Yemeni wa karne ya 15, waliotaka kukesha katika dhikri. Mwaka 1511 mtawala wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku akidai inavuruga watu. Marufuku yenyewe haikudumu. Mabaharia na wafanyabiashara wa Yemeni na Oman wakaieneza pamoja na tende na mazulia, hadi Lamu, Mombasa na Unguja, nayo ikakaa barazani kana kwamba ilizaliwa hapo.

Mche wa Kilimanjaro ulipita njia nyingine kabisa. Wafaransa waliwahi kuchukua mbegu Yemeni na kuzipanda katika kisiwa chao cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, kahawa hiyo ya Bourbon iliwafuata. Mwaka 1890 wakapanda mlimani na kujenga Kilema, na kabla karne ya 19 haijaisha miche ilikuwa imeshika kwenye udongo wa volkano, kwa maji ya mifongo, mifereji ambayo Wachagga walikuwa wakiielekeza tangu zamani. Kwa hiyo kinywaji na mmea, vyote vya asili moja, vilifika kwetu vikiwa vimeachana: kinywaji kwa jahazi pamoja na Uislamu wa pwani, mmea kwa kikapu cha padri. Vikakutana Moshi baada ya reli ya Tanga kufika mwaka 1911. Magunia ya kahawa yalishuka na treni, na dele likapanda nayo.

Dele hilo bado lipo. Nenda karibu na soko la Mbuyuni saa kumi na moja jioni, utamwona muuza kahawa na jiko lake dogo la makaa, dele la shaba juu yake, ndoo ya maji yenye vikombe vidogo visivyo na mkono, na sinia la kashata. Buni zake amezikaanga mpaka zikawa nyeusi na kung'aa mafuta, akazitwanga, akazichemsha na tangawizi, mara nyingine na iliki. Huhitaji kumwita, vikombe viwili anavyovigonganisha mkononi vinamtangaza toka mtaa wa pili. Anamimina kutoka juu bila kumwaga hata tone, mnywaji anapiga funda, anang'ata kashata, mazungumzo ya mpira yanaendelea.

Tukitazama kinachotokea ndani ya dele, tutaelewa mengi kuhusu vyombo vingine vyote. Maji ya moto yakikutana na unga wa kahawa hayachukui kila kitu kwa mara moja. Yanaanza na vitu vyepesi kuyeyuka: uchachu wa matunda na harufu ya maua. Utamu unafuata. Mwisho kabisa hutoka uchungu mzito na ule ukakasi unaokausha ulimi. Anayepika kwa maji ya nyuzi 90 hadi 96 na kuondoa unga baada ya dakika chache hukamata vya mwanzo na vya kati. Dele halina kituo: moto uko chini yake na unga umo ndani jioni nzima, kwa hiyo kila kitu hutoka. Harufu nyepesi huondoka na mvuke, uchungu hubaki. Hilo si kosa la muuza kahawa. Uchungu ndio anaoutafuta mteja wake, na ndiyo maana kashata iko pale; tangawizi nayo huongeza ukali unaokwenda sambamba na uchungu huo. Ila lazima tuseme ukweli: ukitia ndani ya dele kahawa bora ya Machame au ukitia buni zilizookotwa chini ya mti, mnywaji hatapata tofauti kubwa. Chombo hiki hakiwezi kumlipa mkulima kwa kazi yake nzuri.

Chombo kilichoweza kumlipa kilibuniwa Ujerumani, wakati Moshi yenyewe ikiwa chini ya Wajerumani. Mwaka 1908, mama wa nyumbani wa Dresden aitwaye Melitta Bentz, aliyechoshwa na machicha mdomoni na uchungu wa kahawa iliyochemka kupita kiasi, alitoboa mkebe, akatandika ndani yake karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe, akamimina maji juu. Kahawa iliyotoka chini ilikuwa safi, nyepesi, haina tope. Akapata hataza mwaka huohuo. Mambo mawili yalitokea katika karatasi ile. Machicha madogo yalikwama, na mafuta ya kahawa yakakwama nayo. Kilichobaki kikombeni ni uchachu na harufu bila pazia, yaani hasa vile vitu ambavyo arabika ya miinuko, iliyooshwa vizuri, inavyo kwa wingi.

Hapo ndipo kazi ya kihamba inapoanza kuonekana kikombeni. Kahawa ya Kilimanjaro huchumwa nyekundu, tunda kwa tunda, na kumenywa siku hiyohiyo kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Kisha huvundikwa usiku mmoja au miwili mpaka utelezi uachie, huoshwa kwa maji ya mfongo na kuanikwa juu ya vichanja. Ukichelewa kuiosha, hutoa harufu ya kuoza inayofika mpaka kikombeni. Ukiianika chini, hunuka udongo. Kazi hii yote inapotea kwenye kahawa iliyochemshwa mpaka ikauma. Kwenye karatasi inasomeka.

Wakulima wa mlima hawakuiona karatasi hiyo, lakini waliona bei. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipochukua nchi, ofisa wao wa Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga kupanda kahawa, huku jirani zao Kenya Waafrika wakizuiwa zao hilo hadi miaka ya 1930. Walowezi wa Moshi walipiga kelele: mashamba ya Waafrika yataleta magonjwa, wafanyakazi watakosekana. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake. Mwaka 1933 kikazaliwa upya kuwa KNCU, ushirika ambao jengo lake bado liko katikati ya mji. Si kwamba kila mtu alifurahi: mwaka 1937 wakulima wa sehemu kadhaa za mlima walichachamaa kupinga amri ya kuuza kupitia chama hicho peke yake, na serikali ikatumia nguvu kuwatuliza. Lakini magunia yaliendelea kushuka, na Moshi ikawa mji wa kukoboa, kupanga madaraja, kuonja na kunadi.

Nisimame kwenye kuonja, maana chumba cha waonjaji ni mahali pa ajabu kuliko pote katika hadithi hii. Meza ni ndefu, juu yake safu ya vibakuli. Kila kibakuli kinatiwa gramu chache za kahawa iliyokaangwa kidogo tu na kusagwa, kisha maji yaliyotoka kuchemka. Hakuna karatasi, hakuna sukari. Baada ya dakika kama nne utando wa unga umeelea juu. Mwonjaji anainama mpaka pua ikaribie kugusa, anauvunja kwa mgongo wa kijiko, ananusa. Anaengua povu, anangoja kahawa ipoe kidogo, halafu anaivuta kwa mluzi mkali unaoinyunyiza kaakaa zima. Anatamka neno au anaandika tarakimu. Anatema. Anasogea kibakuli kinachofuata.

Kwa miongo mingi hapo ndipo palikuwa mahali pekee mlimani ambapo kahawa ya Kilimanjaro ilionjwa kikamilifu, na pale ilitemwa. Tarakimu ya mwonjaji ikaenda mnadani, mnada ukatoa bei, bei ikapanda mlima kwa mkulima ambaye hakuwahi kuambiwa kahawa yake ina ladha gani. Biashara ya dunia hadi leo huiweka arabika ya Tanzania kundi moja na ya Kolombia na Kenya, kundi la kahawa laini zilizooshwa. Sifa hiyo ni ya haki. Ila naona ni sifa ya ajabu kidogo kuwa nayo bila kuijua.

Ulaya na Asia hazikukaa na karatasi peke yake. Italia walitaka haraka: Luigi Bezzera wa Milano alisajili mtambo wake wa mvuke mwaka 1901, na baada ya Vita ya Pili Achille Gaggia akaleta mtambo wa mkono wa kusukuma maji kwa shinikizo kubwa, ukatoa kahawa nzito yenye povu la rangi ya dhahabu. Kwa sekunde 25 hadi 30 maji hupenyezwa kwenye unga laini uliogandamizwa. Shinikizo hilo hukuza kila kitu, pamoja na uchachu, na kahawa yenye uchachu mkali kama yetu ikienda peke yake humshtua asiyeizoea. Waitaliano huipunguza makali kwa kuichanganya na robusta na kuikaanga zaidi. Wajapani walikuja kinyume chake. Migahawa yao ya kahawa ilishika kuchuja kwa mkono, taratibu, kwa kitambaa au karatasi, na huko jina la mlima wetu likawa kama cheo. Filamu ya Hollywood ya mwaka 1952 iliyotokana na hadithi ya Hemingway kuhusu theluji ya Kilimanjaro ilisaidia kulitangaza. Kwa utaratibu wa soko lao, kahawa iliyochanganywa huweza kuitwa Kilimanjaro ikiwa angalau asilimia 30 yake imetoka Tanzania. Asilimia 70 iliyobaki inaweza kutoka popote. Mtu wa Uru akisikia hivyo hucheka, halafu huacha kucheka.

Na nyumbani? Nyumbani lilikuja kopo. Kiwanda cha TANICA cha Bukoba, kilichoanzishwa miaka ya 1960, kikaanza kutengeneza unga unaoyeyuka, na Africafe ikawa ndiyo kahawa ya Mtanzania mwenye uwezo. Kwa hiyo mgeni aliyefika Marangu, akakaribishwa sebuleni huku mikahawa ikigusa dirisha, aliletewa chupa ya maji ya moto, kopo la unga kutoka upande wa pili wa nchi, maziwa na sukari. Sisemi kwa dharau. Kahawa ya unga haihitaji kinu wala kujifunza, na harufu inayopotea kiwandani maziwa huifunika. Ilikuwa pia miaka migumu: serikali ilivunja vyama vya ushirika mwaka 1976, vikarudi miaka ya 1980, halafu mwaka 1989 mpango wa kimataifa wa mgawo wa kahawa ukaanguka na bei pamoja nao. Wapo waliong'oa mikahawa wakapanda nyanya na mahindi. Nani angehangaika na karatasi ya Melitta?

Miaka hiyohiyo vyombo vya kahawa viliingia katika hospitali. Mwaka 1983 watafiti wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: wanywaji wakubwa wa kahawa katika eneo lao walikuwa na kolesteroli nyingi zaidi. Watafiti wa nchi nyingine walipotafuta jambo hilo, mara walilipata, mara hawakulipata. Jibu likaja kuonekana kwenye sufuria. Wanorwei wa kaskazini walichemsha kahawa yao na unga wake, kama sisi na dele. Waholanzi walioendeleza uchunguzi walitenga mafuta ya kahawa na kumkuta mhusika, kemikali iitwayo kafestoli, pamoja na nduguye kahweoli. Hizo hupandisha kolesteroli mbaya. Na karatasi, ile ya daftari la mtoto wa Dresden, huzikamata karibu zote. Ufini watu walipohama kutoka kahawa ya kuchemsha kwenda ya kuchuja, kolesteroli ya taifa ilishuka, na mabadiliko hayo ya kahawa yalichangia. Utafiti wa Norwei uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia zaidi ya watu 500,000 kwa wastani wa miaka 20, ulikuta vifo vichache kwa wanywaji wa kahawa iliyochujwa kuliko kwa wasiokunywa kabisa, na vichache kuliko kwa wanywaji wa isiyochujwa. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba karatasi imemwokoa mtu, lakini unakwenda njia moja na kemia.

Ukipanga vyombo kwa mafuta hayo, kahawa ya kuchemsha na unga wake, ya Kituruki na ile ya birika la kukandamiza ziko juu. Ya mtambo wa Kiitaliano iko katikati, nayo hunywewa kidogo. Ya karatasi na ya kopo ziko chini kabisa. Arabika ina mafuta hayo kwa wingi kuliko robusta. Yaani kahawa yetu bora, ikipikwa kwa dele, ndiyo yenye kafestoli nyingi. Hapa niwatulize wazee wa kijiweni: vikombe viwili vya ukubwa wa yai si sawa na vikombe vingi vya wanywaji wakubwa wa Tromsø. Anayehusika ni yule aliyeambiwa na daktari kolesteroli yake iko juu na bado anamaliza birika zima kila siku. Huyo achuje kwa karatasi; akiikosa, kitambaa cha pamba kilichofumwa karibukaribu hupunguza mafuta, mradi akioshe vizuri kila mara, maana mafuta yaliyobaki huchacha. Mjamzito ana hesabu yake tofauti, ya kafeini: ushauri wa Ulaya ni asizidishe miligramu 200 kwa siku, na kikombe kikubwa cha kahawa iliyochujwa kinaweza kubeba nusu yake au zaidi. Mwenye upungufu wa damu naye aiweke mbali na chakula, kwa sababu kahawa, kama chai, huzuia madini ya chuma ya maharage na mboga kufyonzwa.

Jambo lenye uzito zaidi kwa mkoa wa Kilimanjaro, hata hivyo, halihusu mafuta wala kafeini. Mwaka 1991 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka kahawa katika orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani ya kibofu. Mwaka 2016 likaiondoa. Katika tathmini hiyohiyo likasema vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, pengine husababisha saratani ya umio, viwe chai, kahawa au maji matupu. Saratani ya umio ndiyo hasa inayosumbua ukanda wetu, kutoka Ethiopia kushuka hadi kusini mwa Afrika, na madaktari wa hospitali ya KCMC wanaijua vizuri. Watafiti walikwenda vijijini kwenye miteremko ya mlima na vipimajoto, wakapima chai ya watu majumbani mwao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kwa wastani watu walianza kunywa chai ikiwa na zaidi ya nyuzi 70. Wanywaji wa chai ya maziwa walianza ikiwa na moto zaidi kuliko wa chai ya rangi, kwani chai ya rangi hupoa upesi na maziwa hutunza joto.

Kwa hiyo kinywaji cha kutazamwa mlimani si kahawa bali ni chai tuliyoiona salama siku zote, na dawa yake ni kungoja dakika chache. Kikombe cha muuza kahawa kina faida moja hapa: hakina mkono. Kikiunguza vidole, mtu hukiweka chini.

Siku hizi chombo kimeanza kupanda mlima. KNCU wenyewe wana mgahawa mjini, Union Café, unaokaanga na kupika kahawa ya wanachama wake. Materuni na Lyamungo wageni hutwangishwa kahawa kwenye kinu, wakaipika jikoni kwa mwenyeji, na mwenyeji huinywa pamoja nao. Vijana wanajifunza kuendesha mitambo ya Kiitaliano na kuchuja kwa mkono kama Wajapani, na katika kazi hiyo mlima una sheria zake. Moshi mjini maji huchemka kwenye nyuzi kama 97, kwa hiyo ukiyaacha dakika moja tu yanafaa. Marangu huchemka kwenye kama 95, na unaweza kuyamimina yalivyo. Ila wapagazi wanaowapikia wageni kahawa kwenye kambi ya Kibo, mita 4,700 na ushee, hawawezi kuyafikisha hata nyuzi 86, wachochee jiko watakavyo. Huko arabika nzuri hutoka chachu na nyepesi. Dawa ni kusaga unga laini zaidi na kuuacha majini muda mrefu, au kufanya wanavyofanya wengi wao, kufungua kopo la Bukoba.